Jinsi ya kuzungumza na mama lishe, mgema na mhudumu wa gesti: mwongozo kwa anayeanza, Mbeya hadi Iringa

Kila ulanzi, pombe ya mianzi, unapoanza kutoka, maswali yale yale hunifikia. Mwanafunzi wa chuo amepewa kazi ya kurekodi wauza chakula, hajui aanze na nani. Kijana wa redio jamii amefukuzwa kibandani saa saba mchana na hajaelewa kosa lake. Binti anataka kuandika jinsi bibi yake anavyopika komoni, pombe ya kienyeji, lakini kila akimuuliza, bibi anajibu "ni kawaida tu." Nimeamua niyajibu yote mahali pamoja.

Nimekaa kwenye vibenchi vya mbao vya kutosha, Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu, Makambako, Kihesa, na nimejifunza kwamba mtu wa jikoni ukimwomba akusimulie maisha yake hana la kusema. Mwombe akuoneshe kazi yake, maisha yatatoka humo humo. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu inayorekodi sauti. Saa moja ya sauti ya kawaida huchukua kama MB 60, kwa hiyo hakikisha una angalau GB 1 tupu.
- Pawabenki iliyojaa. Umeme usikuangushe.
- Hedifoni, za kusikilizia ulichorekodi ukiwa bado uko pale pale.
- Daftari dogo na kalamu mbili. Usitegemee kuandika kwenye simu, maana simu iko kazini.
- Pesa ya kula na kunywa kama mteja, na chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi kwa mama wa vitumbua ni usumbufu.
- Sweta. Kuanzia Juni hadi Agosti alfajiri ya Mbeya, Njombe au Mafinga si ya mchezo, na kazi nyingi za jikoni huanza alfajiri.
- Salamu ya pale unapokwenda. Kwa Wahehe na Wabena, "Kamwene." Rungwe na Kyela, "Ugonile," na kwa mtu mzima "Mugonile", ukisikia "Ndaga" ujue umepokelewa. Hata ukiishia hapo na kuendelea kwa Kiswahili, uso wa mtu unafunguka.

Hatua

1. Chagua mtu mmoja na kitu kimoja.
Usiende na mada ya "vyakula vya asili vya Nyanda za Juu Kusini." Nenda na wali wa huyu mama. Nenda na togwa ya yule bibi, na chipsi za yule kaka wa kona. Ukiwa na kitu kimoja, swali la kwanza linakuja lenyewe. Ukiwa na mada pana utaishia kupewa risala.

2. Kuwa mteja kwanza, mara mbili au tatu.
Kula, lipa, shukuru, ondoka, usitoe simu. Siku ya tatu atakuuliza mwenyewe, "Wewe mgeni hapa? Unafanya kazi wapi?" Hapo ndipo mlango ulipo. Ukifika mara ya kwanza na simu mkononi unaonekana mtu wa halmashauri, mtu wa mkopo au mtu wa kuchafua jina la mtu.

3. Jua saa yake, siyo yako.
Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mama lishe huamka saa kumi alfajiri. Saa moja anauza chai, na kuanzia saa sita hadi saa nane hata mwanawe hawezi kumsemesha. Mwendee saa tisa alasiri, sufuria zimeshaanza kuoshwa na yeye mwenyewe ndiyo kwanza anakula.

Muuza chipsi mfuate mchana anapomenya viazi, maana ikishafika saa kumi na mbili jioni yuko kwenye mafuta. Mpika pombe mtembelee siku ya kupika. Siku ya kuuza ni ya wateja. Mhudumu wa gesti hupumua wageni wakishaondoka na mashuka yakishaanikwa, kama saa tano au saa sita. Mgema inabidi uamke naye, hakuna njia ya mkato. Mama wa stendi anayeuza mahindi na karanga dirishani mwa basi ana dakika kumi hadi basi linalofuata. Kaa naye siku nzima, utapata mazungumzo vipande vipande, na yanatosha.

Jumapili asubuhi usijisumbue. Watu wako kanisani.

4. Omba ruhusa kwa maneno ya kueleweka.
Mimi huanza hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Karibu, leo kuna maharage na mbogamboga."
"Asante mama. Leo nina ombi. Ninaandika kuhusu watu wanaopika hapa kwetu. Nataka kujifunza unavyopika huu wali. Ningependa nirekodi sauti kwenye simu nisije nikaandika uongo. Ukisema hapana, nitakula kama kawaida na kesho nitakuja tena."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Mtu anayekulisha asione kwamba akikataa amepoteza mteja.

Mweleze mambo matatu: sauti itakwenda wapi, jina lake litatajwa au halitatajwa, na kwamba anaweza kusema "hilo liondoe" hata baada ya wiki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, jina la mtu ni mali yake. Akishakubali, washa simu na umwombe arudie kukubali, ili ridhaa yake iwe ndani ya sauti yenyewe.

*Onyo:* ridhaa ya mtu aliyekwisha kunywa si ridhaa. Kilabuni rekodi anayepika na anayeuza. Wanywaji waache na starehe yao.

5. Tafuta mahali pa kukaa, kisha jaribu sauti.
Weka simu kwenye hali ya ndegeni, la sivyo ikipigwa rekodi inakatika. Ilaze juu ya kitambaa, isikae mezani kavukavu, kwa sababu meza hupeleka kila kishindo cha kikombe. Ikae hatua moja kutoka mdomoni mwa mtu, mbali na redio na mashine ya juisi. Rekodi nusu dakika, sikiliza kwa hedifoni, ndipo uendelee.

Tazama pia juu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu karibu wakati wowote, mvua juu ya bati inafuta kila kitu. Nimewahi kukaa saa nzima na mama mmoja Uyole akinieleza jinsi alivyosomesha watoto wanne kwa maandazi, nikatoka nimejaa furaha. Nyumbani nikakuta saa nzima ya mvua, na kwa mbali sauti ya mtu kama yuko ng'ambo ya mto. Nilirudi kumwomba anisimulie tena. Alikubali kwa upole, ila safari ya pili hakulia pale alipolia safari ya kwanza, na mimi sikuthubutu kumkumbusha. Wingu likishuka, simamisha rekodi, ule, usubiri.

6. Anza na mikono.
Swali la kwanza lisiwe "Tueleze historia yako." Liwe juu ya kitu kilicho mbele yenu wote wawili. "Mama, kwa nini umeweka makaa juu ya mfuniko?" Atakwambia anapalia wali ukauke juu na chini kwa pamoja. Uliza alijifunza kwa nani. Kwa shangazi. Shangazi yuko wapi? Na tayari mko Kyela, kwenye mchele wa huko na samaki wa mbasa, mwaka alioolewa.

Nikuoneshe na kwa mgema, maana ulanzi ndio unaoulizwa zaidi. Unatoka kwenye chipukizi changa la mwanzi, wakati wa mvua. Mgema hukata ncha, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ili jeraha lisizibe na utomvu uendelee kushuka. Anayeupokea ni mbeta, kikombe cha kipande cha mwanzi kilichofungwa pale pale kwenye jeraha. Ukiwa wa siku hiyo ni mtamu, ndio mtogwa. Ukikaa unachachuka hadi unakuwa mkangafu, wa kichwa kigumu.

Hayo unaweza kuambiwa na yeyote Iringa. Usiyoweza kuambiwa ukiwa umekaa kitini ni kile nilichokiona kando ya Mafinga: mzee alikata, akakitazama kile kipande, akakinusa, akakiweka ulimini, ndipo akafunga mbeta. Nikamuuliza, "Mzee, unatafuta nini?" Akasema, "Naangalia kama jana walikuja nyuki kabla yangu." Kutoka kwa nyuki tulifika kwa baba yake, kutoka kwa baba yake kwenye shamba lililogawanywa ndugu wakagombana, na mianzi ikabaki upande wake. Mimi sikuwa na swali la ugomvi wa ndugu kwenye daftari langu. Limekuja lenyewe kwa sababu nilitazama kidole chake.

Kwa hiyo uliza "kwa nini umefanya hivyo" mara nyingi kuliko "unajisikiaje." Na akiwa kazini, nyamaza. Ukimya wa mtu anayekoroga uji wa togwa si ukimya wa kuogopwa. Anasubiri upoe kiasi kabla ya kutia kimea cha ulezi, na akishatia ataongea.

7. Andika vipimo kama anavyovitaja, kisha uvipime.
Atakwambia sado mbili za unga (sado ni kindoo cha plastiki cha kupimia), kopo moja la kimea, dumu la maji. Usigeuze kuwa kilo kichwani mwako. Andika "sado," halafu uliza ni sado ipi, ujae usawa wa mdomo au kwa kilemba. Bei vilevile: mchele wa Kyela na wa Usangu si bei moja, na wa mavuno si sawa na wa Februari.

Bei haiulizwi mbele ya wateja wengine, hasa bei ya kununulia. Ukimuuliza mama mbele ya watu anapata faida kiasi gani kwa sahani, umemvua nguo.

Uliza pia kilichobadilika mtu alipohama. Mama aliyetoka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, akaja kupika Mbeya mjini, iliyo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, atalalamika kwamba maharage ya huku "yanakula mkaa." Yuko sahihi kabisa: huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na maharage huchelewa kuiva. Mkaa ni pesa. Kwa swali hilo moja umepata bajeti yake yote.

8. Miaka itafute kwa matukio.
Ukiuliza "mwaka gani?" utajibiwa "zamani kidogo." Uliza kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka. Kwa wazee: reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, 1970 hadi 1975, vita ya Kagera, 1978 na 1979, msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999. Kwa wauza vileo: viroba, pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku, Machi 2017. Kwa wa Mwanjelwa: moto wa soko la SIDO, Agosti 2017. Kwa mama lishe karibu wote: vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vilivyoanza Desemba 2018, na mifuko ya plastiki ilipokatazwa, Juni 2019.

Angalia na mipaka. Mzee wa Mbozi anayesimulia kahawa ya "mkoa wa Mbeya" hajakosea. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa mwaka 2016. Njombe nayo ilitoka Iringa mwaka 2012. Andika alivyosema, na ufafanuzi uweke wewe.

9. Mambo yanayouma yaache yaje mwisho.
Mikopo ya kausha damu, mgambo waliomwaga chakula, mume aliyeondoka na mtaji, kijumbe aliyekula pesa za mchezo. Usiyafungue wewe. Akiyafungua mwenyewe, weka kalamu chini umsikilize, kisha mwulize, "Hili niliandike au libaki kwetu?" Mara nyingi atataka liandikwe bila jina. Libaki bila jina kweli: usiseme "mama mmoja mwenye kibanda cha bluu mkabala na msikiti," kwa sababu mtaa mzima utamjua.

Gongo ni kosa kisheria. Ukikutana na anayepika, usirekodi, usipige picha, wala usitaje kijiji.

Wa gesti na hoteli wana mwajiri. Mhudumu akikueleza mshahara wake akiwa mapokezi, anaweza kuupoteza. Zungumza naye nje ya geti, siku yake ya mapumziko, na umuulize kazi: jinsi anavyotandika kitanda kwa dakika nne, jinsi anavyompokea mgeni aliyeshuka basi saa nane usiku akiwa amekasirika, daftari la wageni linavyojazwa. Ukarimu ni ufundi. Nasikitika tunauandika kidogo kuliko chakula.

10. Picha ziwe mwisho, na mikono kabla ya uso.
Mtu aliyetoka kupuliza moto hapendi kupigwa picha na kitenge cha jikoni. Mpe nafasi anawe uso. Mwoneshe picha, afute asiyoipenda. Kagua nyuma ya picha pia: wateja, namba ya simu iliyoandikwa ukutani, kreti za mtu mwingine.

11. Usiku huo huo, andika.
Taja faili kwa tarehe, mahali na kazi, usiandike jina. Nakili faili mahali pa pili. Sikiliza yote mara moja ukiandika dakika na jambo: "dakika 14, nyuki." Maneno ya Kihehe, Kibena au Kinyakyusa yaandike kama yanavyosikika na uweke alama ya kuuliza. Kesho yake mwenyewe atakusahihisha, na atafurahi kuwa mwalimu.

12. Rudi.
Msomee ulichoandika, kwa sauti, wakati wake wa saa tisa. Hapo utasikia "hapana, sikusema hivyo," na mara nyingi ni kweli. Mpelekee na picha moja iliyosafishwa kwenye karatasi, siyo ya WhatsApp peke yake. Nimeiona picha ya namna hiyo imebandikwa kwenye kabati la vyombo miaka minne baadaye, imechakaa kwa moshi.

Mambo yakikwama

*Anajibu "kawaida tu" kila swali.* Umeuliza maswali makubwa. Shika kitu chochote, mwiko, kikaango, kitambaa cha kufunikia, uulize kimenunuliwa wapi na kimekaa miaka mingapi. Au omba umsaidie kumenya viazi. Mikono miwili ikiwa kazini pamoja, midomo inafuata.

*Anatoa hotuba: "Tunaiomba serikali itusaidie."* Anadhani umetumwa. Msikilize amalize, kisha umkumbushe ulikotoka na ulichokuja kujifunza. Mara nyingi ombi lake ni la kweli, liandike, ila usiahidi kitu.

*Anaomba pesa.* Mazungumzo hayanunuliwi, maana ukilipa utaambiwa unachotaka kusikia. Ila kama umemtoa kazini, umemfunga mikono saa mbili, huo ni muda wa biashara. Nunua chakula cha watu watatu au mfidie muda wake, na umwambie wazi ni cha muda, si cha maneno.

*Mume, jirani au mteja anajibu badala yake.* Mshukuru, mpe dakika zake, kisha umgeukie mama kwa jina la mwanawe: "Sasa mama Neema, wewe ulikuwa unasema chumvi unatia lini?" Kitu kidogo cha jikoni jirani hawezi kukijibu.

*Bibi hajui Kiswahili vizuri.* Mwache aseme kwa lugha yake yote, usimkatekate. Mkalimani awe mtu mzima anayeijua kazi hiyo. Mjukuu atafupisha dakika tano kuwa "anasema wanachemsha."

*Unayetaka kuzungumza naye ni kiziwi.* Iringa mjini, mgahawa wa Neema Crafts una wahudumu viziwi, na wateja huandika oda kwenye karatasi. Hapo kinasa sauti hakina kazi. Tafuta mkalimani wa lugha ya alama, omba ruhusa ya video, na umtazame unayezungumza naye, usimtazame mkalimani.

*Rekodi imepotea.* Kaa chini wakati huo huo uandike kila unachokumbuka kwa mpangilio wa ulivyoviona, si wa ulivyovisikia: sufuria lilikuwa wapi, alikuwa anafanya nini aliposema lile. Maneno yatarudi yakifuata mikono. Kisha mwambie ukweli kwamba imepotea.

*Amebadili mawazo, anataka yaondolewe.* Yaondoe siku hiyo hiyo, umtumie ujumbe kwamba yametoka. Halafu keshokutwa nenda ule kwake kama kawaida.